Flisi, povu au kalibu? Njia tatu za kutengeneza vipande vya faiba ndani ya Fairlady Z

Nissan Fairlady Z ya umbo la Z33, ambayo Marekani na Ulaya wanaiita 350Z, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ukiingia ndani ya moja leo, aghalabu unakuta rangi ya fedha ya plastiki za katikati na milangoni imechubuka. Mbele ya abiria hakuna boksi la kuwekea makaratasi, maana Nissan walilihamishia nyuma ya siti. Ukifungua buti, kuna chuma kipana kinachokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine kuimarisha sehemu ya shoki za nyuma, na begi la safari inabidi libembelezwe ndipo liingie. Gari tamu, ila ndani panaomba mkono wa fundi. Ndipo mwenye gari anapoanza kuulizia faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu.

Kama inawezekana si swali. Matatu za Nairobi zimeonyesha kwa miaka mingi jinsi ndani ya gari panavyoweza kugeuzwa, na mafundi wa boti za faiba wapo Mombasa, Zanzibar na Dar. Watu wanakwama kwenye njia ya kutumia: kuvuta kitambaa cha flisi juu ya fremu, kuchonga povu na kulivika faiba, au kutengeneza kalibu kabisa, yaani umbo tupu ambalo vipande hutolewa ndani yake. Nimezitumia zote tatu kwenye gari moja, na kila moja ilinitesa kwa zamu yake.

Nitakavyozipima

Umbo ni la kwanza, kwa sababu kuna maumbo ambayo njia fulani haiyawezi hata uwe fundi wa kuzaliwa. Kisha fedha, na hapo sihesabu resini tu. Nahesabu msasa, puti, glavu, brashi na vile vikorokoro vinavyokurudisha dukani mara nne kwa siku. Halafu muda, pamoja na siku ambazo gari litakaa uchi bila paneli. Nne ni jua: dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na kioo cha mbele cha Z kimelala vizuri kuikaribisha adhabu hiyo. Mwisho, ukikosea, unatia kiraka au unaanza upya?

Kwanza, mahali pa kuachwa

Paneli iliyofunika eabegi (mfuko wa hewa) ya abiria imetengenezwa ipasuke pale ilipodhoofishwa makusudi. Ukiivika faiba, ama eabegi itachelewa kutoka ama kipande kigumu kitarushwa usoni mwa mtu uliyempa lifti. Hapo hakuna njia bora kati ya tatu. Paache.

Geji za mbele ya dereva nazo zina siri yake. Katika Z33 zimefungwa pamoja na nguzo ya usukani, hupanda na kushuka nayo. Mimi nilitengeneza kofia nzuri ya kuzifunika, nikaikaza kwenye dashibodi, nikakaa kwenye siti kujipongeza. Nilipoushusha usukani nikasikia *kra!* Kazi ya wikendi mbili ikabaki na ufa kutoka bega hadi bega. Kabla ya kupima chochote eneo hilo, sogeza usukani mpaka mwisho wake juu na chini, uweke alama.

Na kingo zote ziviringe. Kanuni namba 21 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vifaa vya ndani ya magari, inataka kingo za dashibodi zinazoweza kugongwa na abiria ziwe na nusukipenyo kisichopungua milimita 2.5. Faiba iliyokatwa na grainda ikaachwa vilevile ni wembe.

Njia ya kwanza: flisi juu ya fremu

Unakata fremu au pete za MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), unazisimamisha mahali pake kwa vijiti na gundi ya moto, unavuta flisi juu yake na kupiga stepla kwa nyuma, kisha unailowesha resini. Ikikauka umepata ganda. Nguvu inaongezwa na mkeka wa faiba, nyuzi za kioo zilizotandazwa kama shuka, unaopakwa resini upande wa ndani.

*Umbo.* Kitambaa kilichovutwa hufuata njia fupi kati ya ukingo na ukingo, kama turubai la hema. Kwa hiyo kati ya nguzo mbili kitabonyea, wala hakitatuna hata ukisali. Pete ya spika inayochomoza kwenye mlango, geji mbili zinazopanda nguzo ya kioo cha mbele, boksi la subwufa linalofuata ukuta wa buti na kuukwepa ule mhimili wa chuma: haya flisi inayafanya kwa urahisi, na mikunjo inayojitokeza yenyewe mara nyingi ni mizuri kuliko uliyochora kwenye karatasi. Lakini ukitaka mgongo uliotuna kama mfuniko wa sufuria, au mstari mkali unaokatiza dashibodi nzima, itabidi uujenge kwa puti. Puti ni nzito, na ukiipaka nene itakuja kupasuka.

*Fedha.* Ndiyo ya bei ya chini. Flisi si lazima iwe mpya. Blanketi moja la mtumba linatosha milango yote miwili. Angalia tu kwamba linavutika pande zote, na usilifue kwa kilainishi.

*Muda.* Kuvuta na kulowesha ni kazi ya asubuhi moja. Kinachokula siku ni msasa. Flisi inakunywa resini kama mchanga unavyokunywa maji, na ikikauka, manyoya yake yanasimama kama ndevu za siku tatu. Unaanza na msasa namba 80, unapaka puti, unakwenda 120, 180, 320, unagundua bonde, unarudi kwenye puti. Nguzo moja yenye geji mbili ilinichukua siku nne, na tatu kati ya hizo nilikuwa mweupe kwa vumbi kama mwoka mikate.

*Jua.* Flisi yenye resini peke yake haitoshi. Ganda jembamba litapinda baada ya wiki chache chini ya kioo. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa karibu milimita 1 ya unene kwa kila safu. Kwa nguzo au kipande kidogo weka safu mbili nyuma, kwa boksi la subwufa sita au zaidi.

*Kosa.* Kabla ya resini, unang'oa pini za stepla na kuvuta upya. Baada ya resini unakata sehemu mbaya na kutia kiraka. Ni njia yenye huruma, isipokuwa kwa jambo moja: mlango wa kulia na wa kushoto hutawafanya pacha. Watakuwa ndugu tu.

Inamfaa anayeanza, anayetaka kipande kimoja, na yeyote ambaye kazi yake ni ya spika.

Njia ya pili: povu la kuchongwa

Hapa unafanya kazi ya mchonga vinyago. Unabandika vipande vya povu gumu, unachonga kwa kisu cha mkate, jino la hekso na msasa namba 40 mpaka umbo litokee, halafu unavika faiba juu. Povu unaliacha ndani, au unalichokoa ubaki na ganda.

*Umbo.* Karibu lolote. Lile boksi la makaratasi ambalo Z haina unaweza kulijenga chini ya dashibodi mbele ya magoti ya abiria, likatuna unapotaka na kubonyea unapotaka. Uzuri wa povu ni kwamba unaliona umbo kabla hujatumia tone la resini. Unakaa kwenye siti, unanyoosha miguu, goti linagusa, unapunguza kidogo, unakaa tena. Flisi haikupi nafasi hiyo, na kalibu inakupa ikiwa tayari umetumia fedha.

*Fedha.* Inategemea povu. Lile jeupe linalokuja na televisheni ni la bure, lakini polyesta, resini ya bei nafuu, hulila. Nilijaribu mara ya kwanza kwa ujinga: nilipaka brashi ya kwanza, nikageuka kuchukua mkeka, niliporudi konso yangu, ile sehemu ya katikati ya siti, ilikuwa shimo lenye ute. Povu jeupe linataka epoksi, resini ya aina nyingine, au lifunikwe lote kwa tepu na foili kabla ya polyesta. Povu la poliuretani halina shida hiyo ila hulipati bure. La kopo, linalozibia madirisha, ni rahisi kupatikana. Lipulize tabaka jembamba jembamba, kwa sababu linakauka kwa unyevu wa hewa na likiwa nene tumbo lake hubaki bichi kwa siku kadhaa huku likiendelea kuvimba.

*Muda.* Kuchonga kunakwenda haraka na kunafurahisha. Shida ni baada ya kuvika: sura ya nje ya faiba ni ile mbaya, ya brashi na nyuzi, hivyo puti na msasa vinakusubiri kama kwenye flisi.

*Jua.* Ukiacha povu ndani, kipande kinakuwa kigumu na chepesi, lakini hakikisha limekauka kabisa. Gesi au unyevu uliofungiwa ukipata joto hutafuta pa kutokea na hunyanyua ngozi kama lengelenge. Sehemu za juu ya dashibodi mimi huchokoa povu lote. Za chini, kwenye konso na magotini, naliacha.

*Kosa.* Povu likikatwa kupita kiasi unabandika jingine. Hakuna njia inayosamehe zaidi katika hatua ya kubuni.

Inamfaa mwenye jicho la umbo kuliko mikono ya seremala, na mwenye kipande cha aina yake ambacho hakitarudiwa.

Njia ya tatu: kalibu

Unatengeneza kwanza mfano kamili wa kipande, kwa povu, mbao, puti au kwa kurekebisha paneli ya asili. Unausugua mpaka ung'ae, unaupaka nta mara kadhaa, unaongeza utando wa PVA wa kuachanisha, unapaka jelikoti ya kalibu (resini nzito inayokuwa uso wake), kisha safu za mkeka mpaka kalibu iwe nene mara mbili au zaidi ya kipande utakachokitoa. Ukiibandua, ndani yake ndimo unamotengenezea kipande chenyewe, kuanzia sura ya nje kurudi nyuma.

*Umbo.* Hili watu hulielewa siku kipande kinapogoma kutoka. Pande zote za kalibu lazima zifunguke kuelekea nje, kama za ndoo: ndoo huingiana na kuachana kwa sababu mdomo ni mpana kuliko kitako. Umbo likijikunja kwa ndani, kipande kimefungwa humo. Konso ya Z, inayokumbatia gia pande zote, inadai kalibu ya vipande viwili au vitatu vyenye mbavu za kufungia bolti. Inawezekana, ila mtu anayesema kalibu ni rahisi muulize aliwahi kutoa umbo gani.

*Fedha.* Kipande cha kwanza ni ghali kuliko njia nyingine zote, maana umelipia mfano, kalibu na kipande chenyewe. Cha pili kinashuka ghafla. Cha tano ni mkeka, resini na asubuhi moja.

*Muda.* Wiki, si siku. Mfano wenyewe unadai msasa wa maji mpaka namba 1000 na kuendelea, kwa sababu kila mkwaruzo utajichapa kwenye kalibu, na kalibu itauchapa kwenye kila kipande. Halafu kuna kusubiri: ukiibandua kalibu mapema, bado mbichi, itapinda kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kitakachofanya paneli isikae kwenye klipu zake.

*Jua.* Hapa kalibu inashinda njia nyingine, kwa sababu unene unaudhibiti na puti karibu haipo. Hesabu ya uzito ni nyepesi: mita moja ya mraba yenye safu tatu za mkeka wa gramu 450 ina kioo kilo 1.35 na resini kama mara mbili ya hapo, jumla karibu kilo 4. Paneli ya flisi ya ukubwa huohuo, pamoja na resini iliyonywewa na puti, niliipima ikazidi hapo bila haya. Kwa gari la michezo hilo si dogo.

*Kosa.* Kwenye kipande, si tatizo, unatoa kingine. Kwenye nta, ni msiba. Ukiacha sehemu ya ukubwa wa kiganja bila nta, kalibu na mfano vinaoana, na ndoa hiyo huvunjwa kwa patasi.

Inamfaa mwenye kutaka pacha wa kweli, mwenye wateja au klabu ya watu wenye gari la aina moja, na anayetaka kupaka rangi inayong'aa badala ya kuvika ngozi. Corvette ya 1953, iliyoanza na magari 300 pale Flint, Michigan, ilikuwa na bodi nzima ya faiba. Ukitaka magari 300 yanayofanana huwezi kuvuta kitambaa.

Polyesta au epoksi?

Uchaguzi huu unapita juu ya njia zote tatu, na umewaharibia watu kazi nzuri.

Polyesta ni ya bei nafuu, inanuka vibaya na inakauka haraka. Hadina yake, dawa ya kuigandisha, huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito: gramu 500 za resini, gramu 5 hadi 10 za hadina. Dar saa saba mchana mimi hubaki kwenye asilimia 1, na bado kikombe kinaanza kuganda kabla sijamaliza. Mimina kwenye sinia pana badala ya kopo, maana resini ikirundikana hujipasha moto yenyewe hadi kutoa moshi. Nairobi asubuhi ya Julai, asilimia hiyohiyo 1 itakulaza njaa, na chini ya nyuzi 15 bora uache. Mafundi wa boti hupima kwa kizibo cha chupa na hawakosei. Mimi natumia mizani ya jikoni. Hadina ikiingia jichoni inaweza kulipofua, kwa hiyo miwani kwanza. Na ukiuziwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kwa chupa tofauti, kamwe usiichanganye moja kwa moja na hadina, hulipuka. Kobalti inaingia kwenye resini na kukorogwa, ndipo hadina ifuate.

Epoksi inashika vizuri zaidi, haili povu jeupe, na harufu yake si kali, ingawa ngozi ikiizoea vibaya inaweza kukuwasha maisha. Uwiano wake haubadilishwi kwa hali ya hewa: kama chupa inasema 2 kwa 1, ni 2 kwa 1 Mombasa na Limuru. Itumie na kitambaa cha faiba kilichofumwa, si mkeka wa kawaida, kwa sababu gundi inayoshikanisha mikeka mingi inayeyushwa na stairini iliyomo ndani ya polyesta. Epoksi haina stairini, na mkeka unabaki kama boksi la kadibodi lisilokubali kona.

Sasa jua. Watu wanadhani epoksi, kwa kuwa ni ghali, itavumilia zaidi. Epoksi nyingi zinazokauka bila kupashwa moto huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na dashibodi imeshapita hapo kabla ya adhuhuri. Kama unaitumia juu ya dashibodi, tafuta ya joto la juu na uipashe kwa hatua kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kwa konso na milango haina neno. Kumbuka pia kwamba polyesta haishiki vizuri juu ya epoksi, ila epoksi hushika juu ya polyesta. Kiraka cha baadaye kinategemea ulichoanza nacho.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kushika resini na unataka geji mbili kwenye nguzo ya kioo: flisi na polyesta. Geji nyingi za kuongeza ni za milimita 52 au 60, kwa hiyo nunua geji kwanza, kata pete baadaye. Zielekeze ukiwa umekaa kwenye siti umefunga mkanda, maana ukiwa umesimama nje ya mlango kila pembe inaonekana sawa.

Kama ni boksi la subwufa kwenye buti: flisi tena kwa uso wa mbele, lakini mgongo ufuate gari lenyewe. Funika buti kwa tepu na foili tabaka mbili, paka mkeka humo, toa, kisha unganisha na uso. Hapo umetengeneza nusu kalibu bila kujua.

Kama unataka boksi la makaratasi au konso isiyofanana na ya mtu: povu. Usiwe na haraka ya kuvika; liache garini wiki nzima likiwa povu tupu, uendeshe nalo, uone linakukera wapi.

Kama ni paneli za milango miwili na unataka zifanane: kalibu, mbili, kwa sababu kulia si kushoto. Ukiona gharama inakushinda, tengeneza kwa flisi na uzivike ngozi ya bandia. Ngozi inaficha tofauti ndogo, na hakuna mtu anayeweza kutazama milango yote miwili kwa wakati mmoja. Hakikisha tu gundi ni ya kuvumilia joto, la sivyo ngozi itabanduka kwenye mabonde yote, na flisi ni mabonde matupu.

Kama unataka rangi inayong'aa kama nje ya gari: kalibu, au povu na subira ya ajabu. Rangi ya kung'aa haifichi hata alama ya msasa namba 180.

Na kama unaishi ghorofani, una watoto, na pa kufanyia kazi ni kibarazani: chonga povu lako nyumbani, ulipime, ulipende, kisha lipeleke kwa fundi wa boti alivike kwenye banda lake lenye upepo. Mwambie kabla hajaanza ni povu la aina gani.